Ajuaye Jalada Lilipo

Ofisi nyingi za serikali Tanzania zina mlango mmoja uliokatwa katikati. Nusu ya chini imefungwa, nusu ya juu iko wazi, na kati yake umepigiliwa ubao wa kuegemeza viwiko. Pembeni kumebandikwa karatasi: HAKUNA RUHUSA KUINGIA BILA KAZI MAALUMU. Ukichungulia unaona rafu zilizoshiba majalada, feni inayozunguka polepole kama inayoogopa kupeperusha karatasi, na watu wawili watatu ambao siku ya kumtaja mfanyakazi bora hakuna anayewakumbuka. Hiyo ndiyo masjala. Mtumishi akihamishiwa huko hupewa pole.

Mimi nilifika kwenye ubao wa namna hiyo kwa ajili ya barua moja. Baba alikuwa amestaafu ualimu, na mafao yake yamekwama kwa kukosekana barua ya kuthibitishwa kazini. Barua ya ajira ilikuwepo, za kupandishwa cheo zilikuwepo. Ile ya kuthibitishwa, aliyoipokea akiwa kijana, mchwa walikuwa wameila nyumbani pamoja na sanduku lake. Mara tatu nilijibiwa kwamba jalada limeangaliwa na barua haimo. Mara ya nne nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umerudi tena?"

Kumbe zile mara tatu alikuwa akinisikia kutoka nyuma ya rafu. Akalitoa jalada, akalifungua juu ya ubao, lakini hakusoma barua hata moja. Alianzia chini, ambako ndiko jalada huanzia, akapitisha kidole kwenye pembe ya juu ya kila karatasi, mahali palipoandikwa nambari kwa wino mwekundu, akinong'ona: kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Akarudia. Kumi na nne, kumi na sita.

"Ya kumi na tano ipo," akasema.

"Mbona haionekani?"

"Ingekuwa haikuwahi kuwepo, hii ya kumi na sita ndiyo ingeitwa kumi na tano."

Nambari ile nyekundu watu wa masjala wanaiita folio. Barua ikiingia inapigwa muhuri wa kupokelewa, inaandikwa kwenye regista, inatobolewa kwa pancha na kufungwa jaladani upande wa kulia, juu ya iliyoitangulia, kisha inapewa nambari inayofuata. Upande wa kushoto zinakaa karatasi za madokezo, ambako maofisa wanasemezana: nimeona folio 15, naomba maelekezo, mwandikie, tuonane. Jalada likitoka, juu ya ganda lake panaandikwa limekwenda kwa nani na siku gani. Likirudi na herufi P.A., lilale. Likirudi na B.U. na tarehe, karani ana ahadi: siku hiyo ikifika alitoe mwenyewe, bila kukumbushwa na yeyote, na kulipeleka mezani kwa mkubwa ambaye kwa wakati huo ameshasahau kwamba aliwahi kuliagiza. Hata ile Kumb. Na. inayokaa juu ya barua, ambayo wengi wetu tunairuka kwa macho, ni anwani kamili. Herufi na nambari zilizotenganishwa kwa mikwaju zinakupeleka kwenye jalada, na tarakimu ya mwisho mara nyingi ni folio. Aliyezoea anajua barua imelala wapi kabla macho yake hayajafika kwenye Yah.

Katika hayo hakuna linalohitaji kipaji cha kuzaliwa. Linalohitajika ni uvumilivu wa aina ya pekee, kwa sababu anayenufaika hayupo mbele yako. Saa tisa alasiri, barua arobaini ziko mezani, daladala zimeanza kujaa, na ukiichomeka hii moja jaladani bila kuipa nambari hakuna atakayejua. Kweli, hakuna. Si leo, si mwezi huu. Atakayejua ni mtoto wa mwalimu fulani, miaka thelathini na mitano baadaye, na wewe utakuwa umeshastaafu. Fundi cherehani akikosea mkono wa shati, mwenye shati anarudi kesho akiwa amefura. Karani wa masjala anashona shati la mtu ambaye huenda bado hajaajiriwa.

Nimewahi kujifurahisha kwa kufuatilia haya maneno tunayoyatumia. Faili tumelipata kwa Waingereza, na asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa kuwa zamani makarani walitunga hati kwenye uzi kama watu wanavyotunga shanga. Jalada limekuja na Kiarabu, na ndani yake mna ngozi. Ni ndugu wa mjeledi. Masjala ni ya ukoo wa sajili na msajili. Ngozi hufunika, uzi hushika mfuatano. Yule mama alikuwa mtu wa uzi. Ganda la jalada lile lilikuwa limechanika na kubandikwa gundi mara mbili, na hilo halikumshughulisha hata kidogo. Shanga iliyodondoka ndiyo iliyomkera.

Walioifundisha dunia kazi hii waliandika vitabu vyao kwa lugha ambazo hazina ngeli. Kwa Kiswahili, kupanga vitu kwa alfabeti ni mtego. Andika majina ya majalada kwa kufuata neno la kwanza na baada ya mwaka rafu ya M itapinda: Maji, Mashamba, Mifugo, Mikopo, Mikutano, Mipaka, Mirathi, Misitu. Inayofuata kwa uzito ni U: Uhamisho, Ujenzi, Ulinzi, Usafi, Ushuru. Shamba likiwa moja linalala S, yakiwa mawili yanahamia M. Na barua ya wanakijiji wawili wanaogombea mpaka iende Mpaka, Mipaka, Ardhi au Migogoro? Kila jibu lina sababu yake, na hapo ndipo ofisi nyingi huharibikiwa, kwani karani wa asubuhi ana sababu yake na wa jioni ana yake. Fundi huchagua moja, akaiandika kwenye orodha ya majalada, halafu kule kwingine kote akaacha kikaratasi: tazama Ardhi. Kikaratasi hicho mimi nakihesabu miongoni mwa maandishi ya kiungwana kabisa yanayopatikana ofisini. Kinamwambia mtu, sikukudharau kwa kuja huku, mimi pia ningekuja huku.

Majina ya watu ndiyo balaa zaidi. Sisi hatuna jina la ukoo kwa namna wanavyolielewa Wazungu. Mtu ana lake, la baba na la babu, na fomu moja itayapanga hivi, nyingine itayapindua. Othmani wa cheti cha shule ni Athumani wa kadi ya benki na Usman wa kitambulisho. Cheki namba ya mtumishi imeokoa wengi, ila sijaona mzee anayefika dirishani akajitambulisha kwa tarakimu. Anasema mimi ni mtoto wa fulani, nilifundisha mahali fulani, mwaka wa njaa ile. Kazi ya mama wa masjala ni kuugeuza mwaka wa njaa ile uwe nambari ya jalada.

Sasa, kuna watu walioijua kazi hii vizuri na kuitumia kwa ubaya, na ukitaka kuona thamani ya folio inayokosekana huna budi kuwatazama. Uhuru wa Kenya ulipokaribia, maofisa wa kikoloni waliagizwa kuyagawa majalada yao mafungu mawili. Yale yasiyo na aibu yangeachiwa serikali mpya. Yale mengine yalipigwa chapa ya herufi W, na kushikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Mengi yalichomwa moto, na maagizo yalitaka hata majivu yapondwe. Yasiyochomeka yangeweza kufungwa kwenye makasha yenye uzito na kutoswa kwenye kina kirefu cha maji yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Lakini agizo linalonishangaza kuliko yote ni jingine: jalada moja likitolewa katikati ya kundi la majalada yanayoachwa, pawekwe jalada pacha la uongo kuziba nafasi. Walioandika hayo walikuwa watu wa masjala hasa. Walijua kwamba pengo husema.

Pengo lilisema vilevile. Serikali ya Kenya iliyaomba majalada hayo mwaka 1967 na ikakataliwa. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walioteswa kwenye kambi za wakati wa Mau Mau walifungua kesi London, na mwanahistoria David Anderson akaeleza katika ushahidi wake kwamba majalada 1,500 hivi yalisafirishwa kwenda Uingereza kabla ya uhuru. Usafirishaji wenyewe ulikuwa umeacha maandishi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba inayo, katika jengo lake huko Hanslope Park, miongoni mwa majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Yalikuwa yamelala salama rafuni miaka karibu hamsini, pasipo kuwemo kwenye orodha yoyote ambayo mtu wa nje angeweza kuiona. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilitangaza kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, fidia ya Wakenya 5,228 pamoja na gharama za kesi. Mtu asiniambie tena kwamba karatasi hulindwa dhidi ya mchwa peke yao. Hizi zililindwa dhidi ya mchwa, na unyevu, na panya, na dhidi ya wenyewe pia.

Nairobi yenyewe imejaa watu wanaoagana wakutane "Archives", mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa ambalo zamani lilikuwa benki. Wengi wamesimama pale kivulini kumsubiri mtu nusu saa nzima, na hawajawahi kuingia. Huku kwetu nyaraka za utawala wa Wajerumani, ambazo baadhi yake zilifukiwa ardhini Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kufukuliwa baadaye, ziliingizwa mwaka 1997 kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Ziko Dar es Salaam, na utulivu wa chumba cha kusomea kule unanikumbusha msikiti saa nne asubuhi.

Lakini masjala haiwezi kuwa tumbo lisiloshiba. Anayehifadhi kila kitu naye anaficha, maana kupata barua moja kati ya milioni ni sawa na kuikosa. Ndiyo maana sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, haikuishia kwenye kutunza. Inagusa na uteketezaji. Maombi ya kununua chaki hayana haja ya kuishi kuliko chaki yenyewe kwa miaka mingi. Jalada la mtumishi lazima limngoje mpaka afe na warithi wake walipwe. Ramani ya mpaka haifi. Kupambanua hayo kunataka mtu anayeijua kazi ya ofisi kuliko wenye ofisi, na akishaamua kuteketeza, huandika orodha ya alichokiteketeza. Hapo tena ni ule uzi: kitu kimetoka, jina lake limebaki.

Ofisi isiyo na utaratibu huo huteketeza vilevile, ila kwa njia ya karanga. Nilipokuwa mdogo tulinunua karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi zilizopigwa chapa upande mmoja, na nilizoea kuzisoma nikishamaliza kutafuna. Nakumbuka nusu ya barua ya mtu anaomba likizo akamzike mama yake. Juu ya pembe palikuwa na nambari nyekundu, na mafuta yalikuwa yameanza kuifuta. Sikujua ninachokitazama.

Siku hizi kuna ofisi mtandao, na vijana wanauliza ikiwa masjala bado ina maana. Nami nawauliza waniletee ile barua waliyoiandika mwaka juzi. Wanafungua kompyuta, wanakuta "barua mpya", "barua mpya ya mwisho", "barua mpya ya mwisho hasa".

Yule mama hakuwa na haraka. Aliniuliza kama baba aliwahi kuhama. Mara mbili, nikasema. Kama aliwahi kushtakiwa kinidhamu. Hapana. Kama aliwahi kwenda masomoni. Nikamwambia ndiyo, alikwenda chuo miaka michache baada ya kuajiriwa.

"Basi walimwomba athibitishe kwamba amethibitishwa," akasema, akicheka kidogo, na akapotea nyuma ya rafu.

Alirudi na jalada jingine, la ruhusa za masomo za walimu wa miaka ile, nene na lenye vumbi la rangi ya kahawa. Katikati yake, imechomekwa bila kufungwa, ilikuwemo barua ya baba. Mtu aliichomoa kuonyesha kwa mkubwa, mkubwa akaona, jalada likaenda kulala, na barua ikalala ugenini. Pembeni ilikuwa na nambari 15, nyekundu bado.

Hakunipa. Alitoa nakala mbili. Moja akaiacha pale ilipokutwa, na juu yake akaandika kwa penseli lilipo jalada lenye barua halisi. Barua yenyewe akairudisha kati ya kumi na nne na kumi na sita, akafunga kamba, akabonyeza ganda kwa kiganja kama mtu anayelaza mtoto. Nakala ya pili akaigonga muhuri, akanisainisha kwenye daftari, na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.

Baba aliishika nyumbani kwa mikono miwili. Nilidhani atasoma alichoandikiwa akiwa kijana, au atafute sahihi ya mkubwa wake wa zamani. Aliuliza ile 15 ya pembeni ni ya nini. Kwenye nakala wino mwekundu ulikuwa umetoka mweusi, kwa hiyo ilinibidi kwanza nimweleze rangi yake.