Bauby mbele ya kioo: kitabu tunachokisoma nusu

Mtu akikusifia kitabu cha Jean-Dominique Bauby, mara nyingi atakutajia jambo moja: jamaa aliandika kitabu kizima kwa kukonyeza jicho. Ni kweli. Desemba 1995, akiwa na miaka 43 na mhariri mkuu wa jarida la mitindo la Elle huko Ufaransa, kiharusi kilimpiga kwenye shina la ubongo. Akili ikabaki timamu, mwili karibu wote ukazima. Alikuwa akisomewa herufi, zikianza zile zinazotumika zaidi katika Kifaransa, naye anakonyeza jicho la kushoto ikifika anayoitaka. Le Scaphandre et le Papillon kilitoka Machi 1997. Siku chache baadaye akafariki.

Basi tunafunga kitabu tukisema akili imeushinda mwili. Mimi naona tumesoma nusu.

Hebu rudi pale anapopitishwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya kabati la vioo, hospitalini Berck. Anaona uso: mdomo umepinda, jicho moja limeshonwa, nywele timutimu. Inamchukua muda kugundua kumbe ni yeye. Halafu anafurahi, anacheka. Kicheko kile kinanitisha kila nikikisoma. Kisha tazama anavyokataa nguo za mazoezi za hospitali na kutaka nguo zake mwenyewe; kama ni kudondosha mate, bora yadondokee sweta nzuri ya kashmiri. Yaani bado anapigania aonekane vile anavyojijua.

Wataalamu huita hiyo taswira ya mwili, na kwenye huduma ya kiharusi husahaulika upesi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani. Shangazi yangu, tangu mdomo wake upinde, alikuwa akivuta khanga hadi puani kila mgeni akibisha hodi. Kliniki walimpima presha, wakamwambia anyanyue mkono. Khanga ile hakuna aliyeiulizia, nami ninayesomea ubongo nikiwemo. Ndiyo maana napenda sura ya mtaalamu wa matamshi, ambaye Bauby anamwona kama malaika mlinzi. Alimpa njia ya kusema, na humo ndimo ninamouona msaada mkubwa wa kisaikolojia kitabuni.

Lakini usikifanye kitabu hiki sauti ya wagonjwa wote wa kiharusi, kama baadhi yetu tunavyofanya darasani. Bauby alijua fika mwili wake ulivyo. Kiharusi kikipiga upande wa kulia wa ubongo, mgonjwa anaweza kuupuuza kabisa upande wake wa kushoto: ananyoa ndevu nusu ya uso, anabakiza wali upande mmoja wa sahani. Wengine watakuapia kwamba mkono ule ni wa mtu mwingine. Na aliyepoteza lugha yenyewe atakonyezea herufi zipi?

Filamu ya Julian Schnabel ya 2007 ni nzuri, ila sehemu kubwa ya mwanzo tunatazama kupitia jicho la Bauby, kwa hiyo uso wake hatuuoni. Wageni wake hawakupewa nafuu hiyo. Anza na kitabu.