Basi Likishaondoka

Siku za Jumamosi, wafanyakazi wa mabenki na kampuni za bima hushuka kwenye basi kando ya hori la Tudor, Mombasa, kupanda mikoko: kujenga umoja wao wa kazini na kuisaidia jamii. Ni jambo jema. Lakini kazi ilianza kabla yao.

Wenyeji, akina mama wakiwemo, wamekwishaokota mbegu ndefu zilizokomaa, wakatenga zilizotobolewa na wadudu, wakajaza matope kwenye mifuko ya kitalu. Wamehesabu siku za bamvu, maana upandaji husubiri maji yapwe. Meneja na karani hufundishwa namna moja: mche usimame wima, shimo lishindiliwe, nafasi iachwe. Anayezama hadi magotini hushikwa mkono na kuvutwa.

Saa sita basi huondoka, maji hujaa. Wenyeji ndio wanaorudi kuondoa plastiki zilizoilalia miche, kufukuza mbuzi, na kupanda upya palipokufa. Mikoko ikikua, samaki na kaa hupata mazalia, ufuo hupata ngao.

Ewe uliyepanda mche wako ukapiga picha, wanaoutunza wanakudai shukrani. Rudi ukawasaidie.