Irente Bila Semboja

Kitabu bora cha Kiswahili kuhusu kutembea katika milima ya Usambara kiliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kusikia neno haikingi. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika Habari za Wakilindi mwishoni mwa karne ya 19. Wamisionari wa Magila walikichapa kwa vipande, na mwaka 1962 East African Literature Bureau ikakitoa kikiwa kitabu kimoja. Wanahistoria wanakisoma kama kumbukumbu ya ukoo uliotawala Usambara. Walimu wa fasihi wanakitaja katika orodha ya nathari za mwanzo, kisha wanapita. Mimi nataka kukisoma kama kitabu cha njia, kwa sababu nadhani kinatuumbua sisi tunaopanda basi Dar es Salaam, tunakaa Lushoto siku tatu, halafu tunarudi kuandika.

Naishi Kigamboni, ambako mwinuko unaostahili kuitwa mwinuko ni ule wa daraja. Kwa hiyo naielewa kiu ya mlima. Ukishazoea mchanga, minazi na foleni ya pantoni, ile barabara inayopanda kutoka Mombo ni kama kuhama nchi. Joto linabaki chini, masikio yanaziba, Soni inapita na maporomoko yake, na ukishuka Lushoto unatafuta sweta. Vijana wanaokwenda huko kwa vikundi wamekuwa wengi, na maandishi yao pia. Nimeyasoma mengi, mengine ya rafiki zangu. Karibu yote yana ukungu, kijani kibichi na utulivu. Karibu yote yanaishia kwenye jabali la Irente, mwandishi akiwa amenyoosha mikono mbele ya nyika isiyo na mwisho, akijisikia mdogo na kwa namna fulani amepona.

Sina ugomvi na kupona kwa mtu. Nina ugomvi na hiyo nyika isiyo na mwisho. Nyika ile ina mwisho na ina majina, na jina lililo karibu zaidi, chini kabisa ya miguu ya anayepiga picha, ni Mazinde.

Mazinde ndiko alikokaa Semboja. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vugha, juu mlimani, katikati ya migomba na mvua, na alipofariki mwaka 1862 mambo yakaharibika. Semboja hakutaka Vugha. Alikaa chini, mahali ambapo misafara ya kwenda na kurudi pwani ilipita, kwa sababu huko ndiko zilikopatikana bunduki na baruti, na aliyekuwa na bunduki hakuhitaji sana baraka za wazee wa mlimani. Alimng'oa mrithi halali pale Vugha, akamweka mtoto wake mwenyewe kwenye kiti, na yeye akabaki zake Mazinde akiendesha vita. Watu waliotekwa katika vita hivyo waliuzwa pwani. Abdallah bin Hemedi aliyajua hayo kwa karibu, maana alikuwa mtu wa baraza la Semboja. Baadaye, Wajerumani walipokuja, alikuwa liwali Tanga.

Basi ukisimama Irente ukiwa umekisoma kitabu chake, mandhari inabadilika. Lile genge halikuwekwa pale lituondolee uchovu wa kazi. Kwa Msambaa wa miaka ya 1870 lilikuwa mpaka kati ya mahali ambapo mtu alikuwa na ndugu na mahali ambapo mtu alikuwa bidhaa. Hutaona alama yoyote ya hilo kwenye picha. Ndiyo maana nasema maandishi yetu yana kazi ambayo kamera haiwezi kuifanya, na tumekataa kuifanya.

Sehemu ya kitabu ninayoipenda zaidi ni ya mwanzo, ya Mbega mwenyewe. Ni mtu wa Ngulu, ameota meno ya juu kwanza, kwa hiyo anahesabiwa kuwa mkosi, na ndugu zake wanamnyima urithi. Anakimbilia kwingine, mtoto wa mkubwa wa huko anakufa katika mawindo waliyokuwa pamoja, anakimbia tena. Anaingia milimani na mbwa wake akiwa hana chochote ila ujuzi wa kuua nguruwe pori. Na nguruwe ndio hasa wanaowatesa wakulima. Anaua, anagawa nyama. Watu wanampa vyakula vya mashambani. Baadaye wanamletea mashauri yao ayaamue, wanampa mke, na mwisho wake Vugha inamtaka awe mtawala. (Nafurahi kila mara kuona Abdallah, Mwislamu wa pwani, anavyosimulia habari za nyama ya nguruwe ukurasa baada ya ukurasa bila kukunja uso.)

Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom ya mwaka 1974, anakieleza kisa hiki kama ngano, na kubadilishana nyama kwa chakula cha shamba kama kiini chake. Nakubaliana naye, ila mimi kinachonishika ni jinsi njia inavyosimuliwa. Mbega hapiti msituni. Kila hatua yake inafika kwa mtu fulani, mtu huyo anataka kujua yeye ni nani, na jibu lina gharama. Katika kitabu kizima sikumbuki mahali ambapo mlima unasifiwa kwa uzuri wake. Miinuko ipo, mito ipo, baridi ipo, lakini vyote vinatajwa kwa sababu kuna mtu anakwenda kwa mtu. Msomaji wa leo anaweza kuona huo ni ukavu. Mimi naona ni adabu.

Nilitembea Magamba, msitu wa hifadhi ulio juu ya mji wa Lushoto, na kiongozi mmoja mtu mzima ambaye hakuongea sana. Sehemu ya njia ni pana na imekaa sawa, kwa kuwa ilikuwa barabara ya kubebea magogo enzi za kupasua mbao. Ukiangalia pembeni unaona bado visiki. Penye miti mikubwa mwanga unakuwa wa kijani kama ndani ya chupa, na mbega weupe kwa weusi wanarukaruka juu huko. Hayo yote ni kweli na ni mazuri. Lakini njia ilipopinda tulikutana na wanawake watatu waliobeba kuni, wamejitwisha mizigo mirefu kuliko wao. Kiongozi alisimama, akajitoa pembeni kabisa, akasema "Onga makeo," wakaitikia, wakaulizana habari za nyumbani kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenzetu mmoja akaanza kuangalia saa. Mimi nikasema shikamoo mama, nikajibiwa marahaba mwanangu, na swali: mnatafuta nini huku?

Lile swali ndilo Mbega aliloulizwa. Tulijibu kwamba tunatembea tu. Yule mama akacheka, bila ubaya, akaendelea kushuka.

Nadhani insha nzuri ya mlima ingeanzia kwenye kicheko kile. Badala yake, wenzangu waliokuwepo walipoandika baadaye, wale wanawake hawakuwemo. Sisemi walifutwa kwa makusudi. Namna ya uandishi tuliyoizoea, tuliyoiokota kwenye vipeperushi vya utalii na kwenye insha za watu wa nchi nyingine kuhusu misitu yao, haina nafasi ya mtu ambaye yuko msituni kwa kazi. Ina nafasi ya mwandishi, miti, na kiongozi mwenye tabasamu.

Abdallah naye ana upofu wake, na si mdogo. Anaandika kama mtu wa baraza. Wanawake wanapita kitabuni wakiwa wake, mabinti na mama za wafalme. Wakulima wanatokea wanapotoa kodi au wanapoasi. Vita vilivyoteketeza nchi anavisimulia mara nyingi kama ugomvi wa mtu na ndugu zake. Ili kusikia upande wa waliolima inabidi kusoma kitabu kingine cha Feierman, Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ambamo Wasambaa wanaupima utawala wowote kwa mizani ya maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikikosekana, nchi imebanwa, na aliyeko madarakani ana la kujibu. Kwa mizani hiyohiyo waliwapima Waingereza waliowalazimisha kulima kwa matuta kule Mlalo na kwingineko, hadi miaka ya 1950 ikawa ya malalamiko na ukaidi. Kabla yao Mjerumani alikuwa ameshaugeuza mji kuwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wake, na ua dogo la zambarau la milima hii lilipewa, katika lugha ya sayansi, jina la Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga na aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892.

Huenda nalishikilia jambo hili kwa sababu ya ninakokaa. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Ikaja michoro ya kupendeza: maghorofa ya vioo, barabara pana, bustani, bahari ya bluu. Kwa miaka kadhaa watu walizuiwa kuendeleza viwanja vyao wakisubiri mji ambao mwishowe haukujengwa kama ulivyochorwa. Ninachokikumbuka kwenye ile michoro ni usafi wake. Hapakuwa na kibanda cha chipsi, wala bodaboda, wala kaburi la mtu. Ninapokutana na aya inayosema msitu wa Magamba ni kimya na haujaguswa, naona mkono uleule umechora.

Sitaki kila insha ya mlima iwe somo la historia. Itachosha, na watu watabaki na picha. Nataka tu mwandishi akifika Irente aseme anatazama wapi. Aandike jina la kijiji kilicho chini. Akikutana na mtu njiani, amweke kwenye sentensi, pamoja na mzigo wake. Kama kiongozi kasema kitu kwa Kisambaa, akiache kwa Kisambaa. Na Habari za Wakilindi kichapwe upya, kwa bei ya mwanafunzi, chenye ramani, maana nakala niliyosomea mimi ni fotokopi ya fotokopi, na kurasa zake za Vugha zimefifia.

Njia yenyewe haiishii Mombo. Malori yanayoshuka usiku kutoka Lushoto yanaleta kabichi, karoti na hoho Dar es Salaam, na asubuhi zinavushwa kwa pantoni hadi upande wetu. Pale sokoni mama muuzaji anazinyunyizia maji ili zisinyauke, na ukimuuliza zimetoka wapi, anataja na kijiji.