Ukuta wa Monadnock

Mwashi wa matofali hujulikana kwenye ukuta mtupu. Plasta na nakshi husitiri mengi: kozi iliyopinda, kona iliyokosa timazi, mkono uliochoka saa kumi jioni. Jengo la Monadnock, lililoko kwenye makutano ya Jackson na Dearborn katikati ya Chicago, liliwanyima mafundi wake sitara hiyo kwa ghorofa 16. Ukisimama chini yake ukafuata kona kwa macho hadi juu, huoni pa kuwalaumu.

Wenye mali walikuwa ndugu wawili wa Boston, Peter na Shepherd Brooks, na walichotaka ni ofisi za kupangisha. Peter hakutaka mapambo wala kitu cha kutokeza nje: vya namna hiyo hukusanya vumbi na kukaribisha ndege, na gharama yake hairudi kwenye kodi. Tuseme kweli, huo ni ubahili. Msanifu John Wellborn Root, aliyekuwa mpenzi wa nakshi, hakufurahi. Lakini alipokwisha kununa akachukua umbo la malango ya mahekalu ya Misri ya kale. Ukuta unaanza mnene, unarudi ndani taratibu juu ya maduka ya chini, unapanda wima, kisha kileleni unafunguka nje kidogo kama mdomo wa mtungi. Root alifariki Januari 1891, jengo likiwa halijakamilika.

Mikunjo hiyo yote ni matofali, na hapo ndipo mimi huvua kofia. Kona za jengo zimekatwa mshazari, na mkato wenyewe hauko sawasawa: chini ni mwembamba, na kadiri unavyopanda unazidi kupanuka. Tofali la kawaida, lenye pembe zake kali, haliwezi kazi hiyo. Ilibidi matofali yafinyangwe kwa kalibu maalumu kabla ya kuingia tanuri, na mwashi ajue lipi linakaa wapi. Akikosea kidogo chini, kosa linapanda naye. Rangi ni ya kahawia iliyoiva, moja tangu chini hadi juu, kwa hiyo jicho halina pengine pa kutua ila kwenye umbo.

Na ukuta huo si pazia. Ndani mna nguzo za chuma, lakini kuta za nje za nusu ya kaskazini ya jengo, ile aliyoichora Root, zinajibeba zenyewe, matofali juu ya matofali. Ndiyo maana unene wake chini ni kama mita 1.8, na juu haufiki nusu mita. Mwenye nyumba anayehesabu kodi kwa eneo la sakafu anajua unene huo ni hasara tupu. Isitoshe, Chicago imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi laini. Msingi ulitandazwa kwa chuma na zege ili mzigo usambae, na wahandisi wakakadiria jengo litatitia kama sentimita 20. Lilipita hapo, hatimaye likashuka takriban nusu mita, hata mtu akawa anateremka hatua moja kutoka barabarani ili aingie.

Nusu ya kusini, kazi ya Holabird na Roche, ilikamilika mwaka 1893 kwa fremu ya chuma, kuta zake zikiwa nyembamba zaidi. Ni nzuri, ila ndiyo iliyorudisha mapambo. Mimi hubaki kaskazini.

Ndani kuna ujia mrefu unaopita katikati ya maduka kama kichochoro chenye paa, na ngazi zenye alumini, madini yaliyokuwa bado adimu kwenye ujenzi wakati ule. Miaka ilipopita jengo lilichakaa, likafanyiwa ukarabati usio na adabu. Kuanzia mwaka 1979 mmiliki mpya aliamua kulirudisha lilivyokuwa, hatua kwa hatua: sakafu za mozaiki, milango ya mbao, taa. Wapangaji waliendelea kulipa kodi huku mafundi wakifanya kazi, na mpaka leo ofisi zake zinapangishwa.