Usiku Mzima Ndani ya Dakika Chache

Mwazindika haikuzaliwa jukwaani. Ni ngoma ya Wadawida wa milima ya Taita, ya kuwatuliza waliopandwa na pepo, na kazi hiyo haikufanywa kwa haraka. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Utaita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alichapisha makala mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowashika hasa wanawake walioolewa. Pepo alidai vitu, mume akalazimika kuvitafuta, na ngoma ikachezwa mbele ya watu mpaka mwanamke atulie. Humo tayari mna wahusika, mna mgogoro, mna hadhira. Tamthilia ilikuwepo kabla ya mtu yeyote kuiandikia hati.

Kila muhula wa kwanza, walimu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta huingia katika hazina hii na kutafuta kitu cha kupeleka kwenye tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Kuna michezo ya kuigiza, kuna mashairi ya kikundi na masimulizi, lakini mimi huvutwa na ngoma za kubuni. Hapo ndipo wimbo, uchezaji na kisa hulazimika kuishi katika mwili mmoja. Ukumbi wenyewe mara nyingi ni bwalo la chakula ambalo meza zake zimesukumwa ukutani.

Ufundi wa kwanza ni kukata. Ngoma iliyokesha usiku mzima sasa inapewa dakika chache tu, na saa iko mezani kwa waamuzi. Mwelekezaji mchanga hukata mwanzo, kwa kuwa mwanzo ni wa polepole, akaanzia pale mdundo unapochacha. Watazamaji hupiga makofi, kisha baada ya muda mfupi huchoka, maana mdundo hauna tena pa kupanda. Fundi hafanyi hivyo. Huuacha ule mwanzo mzito, hata ikiwa ni mipigo michache ya ngoma kubwa na jukwaa halina mtu, ili mioyo ya watu ipate mahali pa kuondokea. Anachokata ni marudio ya katikati. Namheshimu sana mtu anayejua tofauti hiyo, kwa sababu haiandikwi popote. Inapatikana kwa kukaa na wazee wanaoipiga na kusikiliza bila kuwaharakisha.

Kisha kuna kisa. Mji wa Voi unapakana na Tsavo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1948, na ndovu hawasomi mipaka. Huko Sagalla wapo wakulima waliotundika mizinga kwenye uzio wa mashamba yao, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Mpe mwelekezaji mzuri habari hiyo uone. Hatatengeneza ndovu wa katoni. Atawapanga wachezaji saba au wanane bega kwa bega, wakanyage pamoja kwa uzito mmoja, na ngoma kubwa iwe ndiyo miguu yao. Nyuki watakuwa mvumo wa waimbaji waliofunga midomo, unaoanzia kona moja na kuenea safu nzima. Mkulima atabaki katikati, na ule mdundo wa kutuliza pepo utakuwa sasa unatuliza ugomvi wa mtu na mnyama. Hapo mwazindika imebadilishiwa kazi bila kuvuliwa heshima yake.

Mpigaji ngoma ndiye anayebeba yote haya, naye husahauliwa zawadi zinapotolewa. Asubuhi ya onyesho utamkuta nje akiianika ngozi juani au kuipasha moto, anagonga, anasikiliza, anarudisha. Ngozi iliyolegea kwa unyevu haina sauti ya kuongoza mtu. Jukwaani hatazami ngozi yake. Anatazama nyayo za wachezaji, na mmoja akichelewa, humngoja kwa kuongeza pigo ambalo hadhira itadhani lilipangwa.

Lugha nayo ina mtihani wake. Ngoma ikivuka ngazi ya kaunti hukutana na shule za Pwani nzima, zikiwa na sengenya ya Wadigo na mwanzele ya Wagiriama, na ukumbini ni wachache wanaokijua Kidawida. Vikundi vingi huogopa, vikamweka msimulizi aeleze kila kitu kwa Kiswahili. Naona hilo ni kosa. Kiitikio kikiimbwa kwa Kidawida safi na mwili ukafanya kazi yake, mtu wa Lamu ataelewa nani analia na kwa nini. Msimulizi akizidi, wachezaji hugeuka mapambo.

Na yote hufanywa na watoto wenye masomo, baada ya vipindi vya mchana, chini ya walimu wanaosahihisha madaftari usiku. Wengi huishia ngazi ya kaunti. Maleba hukunjwa, ngoma hurudi stoo, na kazi ya muhula mzima huwa imeonwa na watu wa ukumbi mmoja.

Basi wewe unayeishi Voi au unayepita kwenye barabara kuu ya Mombasa, tamasha la kaunti likifika, uliza linafanyika shule gani uende. Fika mapema, kwa sababu mlango hufungwa onyesho likianza, na ukae upande wa wapigaji ngoma.