Mpime Mwalimu wa Kwaya Mazoezini

Jukwaani walimu wa kwaya hufanana. Suti imenyooka, mikono inapaa, waimbaji wamekariri, na makofi hayachagui. Mashindano ya World Choir Games yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Tshwane, Afrika Kusini, mwaka 2018, waamuzi walitoa alama kwa kilichoimbwa mbele yao. Mazoezi hayakuwa na alama. Ningekuwa mwamuzi, ningeyapa nusu.

Hapa Kigali kuna masikio yasiyodanganyika. Chorale de Kigali imekuwa ikiimba tangu 1966. Kwa kujifunza kupima, nachagua mazoezi ya Kanisa la Sainte-Famille, mtaani Muhima, parokia iliyoanza 1913. Kaa nyuma ya besi, ili uuone uso wa mwalimu kama waimbaji wanavyouona.

Jambo la kwanza: anasimamisha wimbo kwa sababu gani? Mwalimu dhaifu husema tu “rudieni,” na kosa linarudiwa pamoja na wimbo. Hodari husema, “Alto, mmeshuka kwenye ‘mi’, sikilizeni teno,” wanaimba mstari huo mmoja, kisha safari inaendelea. Hesabu maneno yake. Akianza kuhutubia, tazama sauti ya kwanza wanavyotoa simu. Wanaofoka siwapendi, ingawa nakiri kwamba hofu huunganisha mwanzo wa wimbo haraka. Sikiliza soprano dakika kumi baadaye: koo zimebana, na nota za juu zinatoka kama filimbi ya trafiki.

Kwaya za nchi mbalimbali zinapokutana, mtihani mkubwa ni ‘do’. Makanisa mengi ya Kenya na Tanzania yalilelewa na tonic sol-fa, mfumo alioueneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19: do inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Aliyesoma muziki kwa mfumo wa Kifaransa, kama wengi hapa Rwanda, do yake haihami. Mwalimu mgeni akiagiza “anzieni sol,” nusu ya ukumbi inaanza kwingine. Mwalimu mzoefu habishani. Anauimba mstari mwenyewe, wanaupokea, basi.

Msimdharau anayefundisha kwa sikio. Wakati anawakaririsha teno, angalia sauti tatu zilizobaki. Zikivumisha zao taratibu chini ya teno, huyo amewalea. Zikipiga soga, mazoezi ya saa mbili yana nusu saa tu ya kuimba.

Halafu kuna Kinyarwanda, na hapa wageni wengi huumbuka. Lugha hii ina toni, na irabu ndefu hutofautiana na fupi, kwa hiyo muziki wa mtunzi kama Cyprien Rugamba, aliyeuawa Aprili 1994, haukubali mapigo ya saa ya ukutani. Mgeni mwerevu huomba mwenyeji ayasome maneno polepole, kisha kwaya nzima iyaseme bila kuimba, ndipo ainue mkono. Asiyejali hulazimisha kila silabi ilingane na mwenzake. Waimbaji wenyeji hutazamana, halafu kwa adabu wanamfuata.

Mwisho wa wimbo usio na kinanda, subiri: je, anagusa kinanda kuona kama sauti imeshuka? Wengi hawathubutu. Wengine huacha kinanda kipigwe mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kwaya haijui inasimamaje peke yake. Ninayemfuatilia mwaka hadi mwaka ni yule anayeshusha mikono katikati ya ubeti, akatembea hadi mlangoni na kusikiliza kutoka huko. Mbele ya kwaya maneno yote yanasikika. Ni benchi la mwisho linalomwambia kwamba ‘k’ na ‘t’ zimemezwa na mwangwi, na kwamba besi, walioonekana wakifanya kazi kubwa, hawafiki.