Sifa za Anayelifuata Jua

Mtu akiona picha safi ya madoa ya Jua husifu kamera, pengine na lenzi. Mimi husifu stendi, na mikono iliyoiweka sawa.

Wafaransa Fizeau na Foucault walipolipiga Jua picha mwaka 1845, mwanga uliingia kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, na kwa muda huo Jua halipati nafasi ya kuhama. Mpiga picha wa leo ana tamaa zaidi. Hurekodi mamia ya fremu za doa moja, kisha programu ichague zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia. Sasa Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, na Jua lina upana wa nusu digrii tu. Darubini isiyo na mota hulipoteza Jua zima ndani ya dakika chache. Doa ulilolivuta likajaza fremu hutoweka kwa sekunde.

Mota nayo ina swichi ya kasi: ya nyota, ya Mwezi, ya Jua. Wengi huiacha kwenye nyota. Baada ya saa moja Jua limeshabaki nyuma karibu sehemu ya 13 ya upana wake, nao wanalaumu gia!

Kwetu sisi kazi si lelemama. Mhimili wa stendi lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale anga linapoonekana kuzungukia, na Dar es Salaam ncha ya kusini haifiki hata digrii 7 juu ya upeo wa macho. Nairobi haifiki mbili. Mhimili unalazwa karibu sambamba na ardhi, jambo ambalo stendi nyingi za dukani hazikuundiwa: uzito wa kusawazisha unagonga mguu. Wajuzi hufupisha mguu mmoja ili stendi yote iiname, wakichunga isipinduke.

Na mchana hakuna nyota ya kukuelekeza. Kuna dira, pimamaji, na doa lenyewe. Adhuhuri unaliweka doa kwenye makutano ya mistari katikati ya fremu, unaiachia mota. Likiteleza kaskazini au kusini, mhimili umekaa upande. Unalegeza skrubu, unausogeza kidogo mno, unakaza, unasubiri tena. Lakini likiyumba mashariki na magharibi, likaenda na kurudi kwa mpigo uleule, acha skrubu: hayo ni meno ya gia, na dawa yake ni grisi, marekebisho na subira. Kutofautisha mitelezo hiyo miwili kwa macho ndio ufundi ninaousifia, na hakuna programu itakayokurudishia kilichokwisha kutoka nje ya fremu.

Ukitaka kujaribu, funga kichujio cha Jua mbele ya darubini kabla ya kulenga, kaza kisichomoke kwa upepo, na ufunike kidarubini cha kulengea. Lenga kwa kivuli: kivuli cha bomba kikiwa kidogo kuliko vyote, Jua limeingia.